Maswali ya Wasomaji: Wimbo Ukikimbizwa, Je, Umekuwa Singeli?

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, salaam. Mimi ni mpiga muziki wa sherehe hapa Uyole, Mbeya. Hivi karibuni, kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi maeneo ya Mwanjelwa, vijana waliomba singeli, nami sikuwa nazo za kutosha. Nikachukua wimbo wa bongo fleva wenye mapigo 95 kwa dakika, nikaupandisha mpaka 190. Ukumbi wote ulisimama, isipokuwa meza moja ya wageni kutoka Dar es Salaam, waliosema kuwa ile si singeli bali ni bongo fleva iliyokimbizwa. Mwenzangu ninayeshirikiana naye spika anasema kasi ndiyo singeli yenyewe. Nani yuko sahihi? – Mpiga muziki, Uyole.

JIBU: Ndugu yangu wa Uyole, wageni wako walikuwa sahihi, ingawa nadhani wangeweza kulisema hilo huku wakicheza.

Nianze na hoja ya mwenzako. Ni kweli kwamba singeli ni muziki wa kasi kubwa. Nyimbo nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na nyingine hukaribia 300. Hata hivyo, kule Rotterdam, Uholanzi, vijana wa miaka ya 1990 walikuwa na muziki wao wa kompyuta uitwao gabber, ambao nao ulikwenda kwa kasi ya kutisha, na hakuna mtu wa Manzese au Tandale atakayeusikia akadhani ni wa kwao. Kasi peke yake, basi, haitoshi kuwa mpaka.

Upande wa pili, wapo mashabiki wanaodai kwamba kitu chochote kilichoongezwa kasi kwa mashine si singeli halisi, na hao nao wamekosea, kwa kuwa singeli yenyewe ilizaliwa kwa namna hiyo. Ma-DJ wa uswahilini jijini Dar es Salaam walichukua ala za taarab, wakazipandisha kasi kwenye kompyuta, na MC akashika kipaza sauti juu yake kwenye vigodoro, zile sherehe za mitaani za usiku kucha. Nyuma yao kulikuwa na mchiriku, muziki wa uswahilini uliotangulia singeli, pamoja na vile vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti vikakoroma mtaa mzima.

Tofauti iko katika kile kilichofanywa baada ya kuongeza kasi. Prodyuza wa singeli hukata kipande kifupi, pengine cha sekunde mbili tatu, akakizungusha kijirudie bila kuchoka, kisha akakipigia ngoma mpya na kumwachia MC nafasi ya kumwaga maneno mfululizo. Wewe ulichukua wimbo mzima, pamoja na beti, kiitikio na ngoma zake za mwanzo, ukausukuma. Ukitaka kujihakikishia, rudisha ulichopiga kwenye mapigo 95: utaupata wimbo uleule wa bongo fleva, haujapungukiwa hata neno. Ifanyie hivyo kazi ya studio ya Sisso, ile ya Mburahati ambayo nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hutapata taarab iliyokamilika, kwa sababu kilichochukuliwa tangu mwanzo kilikuwa kipande tu.

Ninakiri kwamba mipaka ya namna hii huwekwa pia na majina, na majina mara nyingine huamuliwa mezani. Mwaka 1988 mkusanyiko wa nyimbo za vijana wa Detroit, Marekani, ulikuwa utoke Uingereza ukiwa na jina la house, yaani muziki wa jirani zao wa Chicago, lakini kabla ya kutoka jina likabadilishwa likawa techno. Nyimbo hazikubadilika, ila tangu hapo mashabiki wakapata mpaka wa kugombania. Kwa hiyo usishangae meza moja ya Mwanjelwa ikikataa kucheza.

Kwa sherehe ijayo, jaribu kukata mistari minne ya kinanda kutoka kwenye wimbo huohuo, izungushe, weka ngoma zako, kisha mpe kipaza sauti kijana mwenye pumzi.

SWALI: Mdogo wangu amerekodi singeli kwa Kihehe. Wenzake hapa Mafinga wanamwambia kwamba singeli ni ya Kiswahili cha Dar es Salaam tu. Je, ni kweli? – Dada mtu, Mafinga.

JIBU: Si kweli, dada yangu. Amapiano ilianzia katika vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, na leo wasanii wetu wanaiimba kwa Kiswahili. Sijasikia mtu wa Mafinga akilalamika maadamu ile besi ya kugonga kama gogo imo. Lugha haikuwa mpaka kule, wala haiwezi kuwa mpaka huku. Penye kazi ni kwenye pumzi: kwa mapigo 220 neno refu halina mahali pa kupumzikia, hivyo mdogo wako aisikilize rekodi yake bila biti, aone kama kila silabi ya Kihehe imefika nzima mwisho wa mstari au kuna alizozimeza.