Kustaafu na kuhamia kwenye mashua ya matanga

Wengi wanaoniuliza kuhusu kustaafu na kuishi chomboni huanza na swali la fedha, ilhali jambo lililotuelemea zaidi mimi na mke wangu lilikuwa kalenda. Mtu aliyepanga maisha yake kwa tarehe na saa huona vigumu kukubali kwamba upepo ndio utakaoamua kama ataondoka Jumatatu au wiki ijayo. Wageni sasa tunawaomba wachague moja, siku ya kuja au mahali pa kutukuta, kwa sababu anayekimbilia miadi ndiye hung'oa nanga katika hali mbaya ya hewa. Watoto wetu walinuna kidogo, kisha wakazoea.

Asiyetazamia kazi asije. Kabla ya chai huangalia betri, kwa kuwa zile za risasi na asidi zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya uwezo wake hufa mapema, hivyo siku ya mawingu friji huzimwa bila mjadala. Kisha hufunua ubao wa sakafu na kuchungulia ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hukusanyika. Nikikuta maji yasiyo na mafuta huyaonja kwa ncha ya kidole (mke wangu hugeuza uso), kwani yakiwa ya chumvi yameingia kutoka baharini, na yakiwa hayana chumvi yamevuja kwenye tangi letu la maji ya kunywa, nami hujua pa kuanzia kutafuta. Humo humo ngamani ndimo inamoshuka gesi ya kupikia ikivuja, maana ni nzito kuliko hewa, na cheche moja yatosha kuilipua. Ndiyo sababu tunafunga valvu kwenye mtungi wenyewe kila tumalizapo kupika.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba wawili wanaosafiri pamoja wote wawe mabaharia. Katika umri wetu goti huteleza na moyo hushtuka, na nahodha akianguka majini, atakayebaki lazima aweze kushusha matanga, kuwasha injini, kurudi alipo mwenzake na kuomba msaada kwa redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) kwenye chaneli 16, ile ya dharura. Kwa hiyo tunabadilishana zamu: leo mmoja yuko kwenye usukani, kesho yuko omo, yaani mbele ya chombo, akitoa mnyororo wa nanga, usiopungua mara 5 ya kina, akijumlisha kimo cha omo juu ya maji na kiasi ambacho maji yatajaa. Kwa kuvuta nanga tulifunga mashine ya umeme, na sioni aibu kusema hivyo.

Nyumba ya nchi kavu usiiuze mwaka wa kwanza. Ipangishe, kwa sababu kuna ndoa zilizostahimili miaka mingi ya kazi ambazo hazikuzoea kukaa kutwa nzima ndani ya chumba kimoja kinachoyumba, na wenzi hao walihitaji mahali pa kurudi.