Maswali ya Wasomaji: Draiva Ipi Iwekwe, na Kadi ya Kompyuta Mpakato Iongezewe Kasi Kiasi Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato iliyokwishatumika, yenye kadi ya grafiki ya NVIDIA GeForce GTX 1650 ya gigabaiti 4. Mchana ninahariri video za harusi, na usiku mimi na wadogo zangu tunacheza gemu za mpira na za magari. Nimekuta draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) tatu: ya zamani iliyoko kwenye tovuti ya kampuni iliyoiunda kompyuta, nyingine ambayo Windows iliiweka yenyewe, na mpya kabisa iliyoko kwa NVIDIA. Rafiki yangu, baada ya kutazama video ya maelekezo, alinishauri niiongezee kadi kasi ya megahezi 200 kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi ya kadi. Nilipofanya hivyo skrini ilizimika ghafla, ikawaka tena baada ya sekunde chache, na gemu ikajifunga. Je, nimeiunguza kadi? Na draiva iliyo sahihi ni ipi? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Hujaiunguza. Windows huipa kadi sekunde 2 za kuitikia kazi iliyotumwa. Zikipita kimya, huichukulia kuwa imekwama na kuiwasha upya pamoja na draiva yake, ndiyo maana skrini ilizimika ikarudi. Tatizo ni kwamba dalili hiyohiyo huletwa na draiva yenye hitilafu na pia na kasi iliyopitiliza, kwa hiyo asiyeyatenganisha mambo hayo mawili anaweza kuhangaika wiki nzima akibadilisha draiva ilhali kosa liko kwenye kasi. Irudishe kwanza kasi ya kiwandani, ndipo tuzungumzie draiva.

Kompyuta kama yako ina vichakataji viwili vya grafiki: kimoja kidogo kilichomo ndani ya kichakataji kikuu, mara nyingi cha Intel, na hicho cha NVIDIA. Katika mashine nyingi za namna hii skrini imeunganishwa na kile kidogo, na picha zinazotengenezwa na NVIDIA hupitia kwake kabla ya kuonekana. Utaratibu huo, ambao NVIDIA iliuita Optimus, ulianza mwaka 2010. Kwa hiyo draiva zinazokuhusu ni mbili, na ukiisahau ile ya kichakataji kidogo unaweza kupata mwangaza wa skrini usiopungua au kompyuta isiyoamka baada ya kulala, ukaishia kuilaumu NVIDIA bure. Ushauri wangu ni huu: kwa kichakataji kidogo, anza na draiva ya kampuni iliyoiunda kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyopimwa pamoja na vitufe na usingizi wa mashine hiyo; kwa kadi kubwa, chukua ya NVIDIA yenyewe, ukihakikisha kwamba katika orodha yao umechagua kundi la GTX 16 lililoandikwa kuwa ni la kompyuta mpakato.

NVIDIA hutoa draiva za aina mbili, Game Ready na Studio. Ya kwanza hutoka mara kwa mara kufuatana na gemu mpya. Ya pili hutoka kwa nafasi zaidi na hupimwa na programu za kuhariri. Zote zinacheza gemu na zote zinahariri video, lakini mtu ambaye mteja wake anasubiri video ya harusi Jumatatu hana sababu ya kufukuzia draiva ya gemu iliyotoka jana. Weka Studio, na faili lake la usakinishaji ulihifadhi kwenye flashi, ili toleo lijalo likikusumbua uwe na pa kurudi. Programu zinazojinadi kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo uzikwepe kabisa.

Kwa kuwa mashine yako imepita mikononi mwa wengine, ningeanza kwa kufuta mabaki ya draiva za zamani. Programu ya Display Driver Uninstaller hufanya kazi hiyo vizuri Windows ikiwa katika hali salama (Safe Mode, inapowaka na vitu vya msingi tu), lakini kata intaneti kabla ya kuanza, la sivyo Windows itakuwahi na kuweka draiva yake kabla hujaweka yako. Jambo moja ambalo video nyingi za maelekezo hulipita: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha data, kuingia katika hali salama kunaweza kukudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Utafute ufunguo huo leo, kompyuta ikiwa inawaka.

Sasa kasi. GTX 1650 ya kompyuta ya mezani imeruhusiwa kula wati 75, ilhali ndugu yake wa kompyuta mpakato huishia kwenye wati 50 au pungufu, kutegemea muundaji alivyopanga, na kikomo hicho kimeandikwa ndani ya kadi. Katika mashine nyingi, kile kitelezi cha nguvu katika Afterburner utakikuta kimefifia, hakisogei. Kwa hiyo unapoongeza megahezi huiongezei kadi nguvu. Unaiambia ikimbie zaidi kwa volteji ileile, na hapo ndipo ilipokushinda, kwa sababu megahezi 200 kwa mkupuo mmoja ziliitaka kasi ambayo volteji yake haikutosha kuibeba.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba kwenye kompyuta mpakato njia yenye busara ni kugeuza hesabu, yaani kuiacha kasi ilipo na kuteremsha volteji. Umeme unaoliwa na chipu inapofanya kazi hufuata kipeo cha pili cha volteji: ukishuka kutoka volti 1 hadi 0.9 kwa kasi ileile, sehemu hiyo ya matumizi hubaki asilimia 81. Wati zilizookolewa hupunguza joto, na kadi iliyokuwa ikijipunguza kasi ili isivuke kikomo huweza kudumu juu kwa muda mrefu. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F. Utatokea mstari wa volteji na kasi. Chukua nukta iliyo chini kidogo ya volteji ambayo kadi huitumia ikiwa na kazi nzito, ipandishe hadi kasi uliyoiona, zile za kuliani zote uzilaze usawa huo, kisha thibitisha. Shuka kidogo kidogo, milivolti 25 kila hatua, na kwa kila hatua cheza gemu nzito kwa dakika 20, chaja ikiwa imechomekwa.

Kama bado unataka kuongeza megahezi, nenda 25 kwa 25, na siku itakapokwama urudi nyuma 50, usibaki ukingoni. Kumbukumbu ya kadi ina ujanja wake: ikipata kosa njiani inaweza kuirudia data, hivyo huoni kitu kibaya ila fremu (picha kwa sekunde) zimepungua badala ya kuongezeka. Pima, usiamini macho. Mimi mwenyewe niliwahi kuisukuma kumbukumbu nikaona gemu inakwenda sawa, nikaridhika, kisha nikatoa video ya saa mbili. Ilipofika katikati, shela la bibi harusi lilikuwa limetapakaa vimraba vya kijani. Tangu siku hiyo kazi ya mteja naitoa kwa kasi ya kiwandani. Kile kisanduku kinachoamuru mipangilio ianze pamoja na Windows nacho kiache wazi hadi wiki mbili zipite bila kasoro.

Yaangalie pia mazingira. Huenda video aliyoitazama rafiki yako ilirekodiwa katika chumba cha nyuzijoto 20. Chumba cha Tanga wakati wa kaskazi hufika 31 bila shida, na nyuzi hizo 11 huhamia karibu zote kwenye kadi. Mpangilio uliopimwa usiku wa kipupwe, mwezi wa Julai, unaweza kuanguka mchana wa Februari. Kwa mashine iliyotumika, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya kupitishia joto kunaweza kukupa zaidi ya megahezi zote unazozitafuta. Vilevile, gemu ikiwa inacheza na matumizi ya kadi yako chini ya asilimia 90, anayekuchelewesha si kadi. Pengine una kipande kimoja tu cha RAM, na kuongeza cha pili kutafanya kazi ambayo Afterburner haiwezi.

SWALI: Kadi yangu ni GTX 1050 ya kompyuta mpakato. Nimeambiwa haitapata draiva tena. Ni kweli? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nusu ni kweli. Kadi yako ni ya kizazi cha Pascal, na NVIDIA ilitangaza kwamba draiva ya mwisho ya Game Ready kwa kizazi hicho ni ya Oktoba 2025, kisha marekebisho ya usalama pekee yataendelea kutolewa kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Gemu ulizonazo zitaendelea kucheza kama zamani. Zitakazotoka baadaye ndizo ambazo hazitatengenezewa chochote mahususi kwa kadi hiyo. Mwenzako wa Tanga hahusiki, kwa kuwa GTX 1650 ni ya kizazi cha Turing. Endelea kuchukua hayo ya usalama, na kila toleo jipya ulipime kwa kasi ya kiwandani kabla ya kurudisha mipangilio yako, maana mpangilio uliotulia kwenye draiva moja si lazima utulie kwenye nyingine.