Jibu: nani anafaidika, wa porini au wa mjini?
Mkuu, umeuliza nani anafaidika zaidi kati ya jamii za porini na sisi wa ustaarabu, mi nakwambia waangalie Wahadzabe, wale wawindaji na waokota matunda wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Hawana chifu, mtu akiangusha pundamilia nyama inagawiwa kambini, hata aliyerudi mikono mitupu anakula. Ila watoto wao wengi wanakufa wadogo, hapo chanjo na kliniki ni faida kweli, sipingi. Shida ni kwamba ustaarabu ukifika unaanza kwa kuchukua, mashamba na mifugo inaingia, wanyama na asali vinapungua, wanaofaidi ni wengine kabisa. Ndo maana hati ya ardhi waliyopata 2011 bonde la Yaeda naiona ina maana kuliko misaada yote ya nguo.