Gololi chini ya kwato

SWALI: Bwana Mhariri, nimeona picha ya mchoro ukutani London: farasi wa polisi, watu wanapambana. Eti majirani waliwatetea Wayahudi?

JIBU: Kweli tupu, ndugu yangu. Hapo ni Cable Street, 4 Oktoba 1936. Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza waliowachukia Wayahudi, alitaka kuwapitisha wafuasi wake wa mashati meusi kwenye mitaa ya Wayahudi, na polisi wakaja kuwasafishia njia. Wayahudi, makuli wa bandarini wenye asili ya Ireland na wakomunisti wakaziba barabara. Gololi zikamwagwa chini ya kwato za farasi, wanawake madirishani wakamwaga vyungu vya mikojo (hapo ndipo ninapopapenda!). Mosley akageuzwa. Wengi husahau kuwa virungu vilivyowaangukia wakazi vilikuwa vya polisi.