Je, Tumpeleke Mwenzetu wa Kwaya kwa Wazee?

*Bwana asifiwe, Mama. Mimi naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu hapa Kondele, Kisumu. Ijumaa tatu mfululizo nimemwona mwenzetu wa sauti ya kwanza akiingia baa kwa mlango wa nyuma, mwendo wa saa tatu usiku, amejifunga leso kiunoni. Nimewaambia dada wawili. Jumapili hii tunataka kulifikisha jina lake kwa wazee asimamishwe kuimba. Kuna wanaoniambia "msihukumu". Je, kuinyamazia dhambi si dhambi pia?*
*Dada wa Kondele*

Bwana asifiwe sana, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye hiyo leso. Leso ya kiunoni mimi naijua kama vazi la kazi. Huenda anaosha vyombo, huenda anapika. Nilipokuwa nikiuza samaki, niliwapeleka jikoni mwa mahali kama hapo kwa mlango uo huo wa nyuma, na nilikuwa mshirika wa kanisa. Sisemi ndivyo ilivyo kwake. Sijui. Lakini wewe pia hujui, na tayari dada wawili wanaamini kwamba unajua.

Wanaokuambia "msihukumu" ili unyamaze hawajafika mstari wa 5 wa ile Mathayo 7. Yesu anasema uitoe kwanza boriti katika jicho lako, ndipo uone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kwa hiyo kibanzi kinatolewa, si kwamba kinaachwa kimuumize mtu. Ila mstari wa 2 unatangulia: "na kipimo kile mpimiacho, ndicho mtakachopimiwa." Huo niliuelewa sokoni.

Baada ya samaki niliuza mchele wa Ahero pale Kibuye. Jirani yangu wa kibanda alikuwa akinipunguzia wateja kwa bei, nikaanza kusema, kwa sauti, kwamba gorogoro lake, lile kopo la kupimia, limebonyezwa chini. Nilisema hivyo wiki nzima. Siku moja mteja, mzee mmoja mpole, akalichukua la jirani likiwa limejaa hadi ukingoni, akamimina katika langu. Mchele ulimwagika juu ya gunia. Tuligeuza makopo yote mawili mbele ya watu. Lake lilikuwa sawa. Langu ndilo lililokuwa limeingia ndani kitakoni, na nilikuwa nimepimia watu nalo sijui tangu lini. Jirani hakusema neno. Alianza kuokota punje moja moja kutoka kwenye gunia langu, akinirudishia. Mpaka leo vidole vile naviona.

Sasa soma Yohana 7. Watu wamemkasirikia Yesu kwa kumponya mtu siku ya sabato, naye anawaambia wasihukumu hukumu ya macho tu, wahukumu kwa haki. Sura hiyo hiyo, wakubwa wanapotaka kumkamata, Nikodemo anawauliza kama torati humhukumu mtu kabla ya kumsikia kwanza. Huyu mwenzako amesikizwa na nani? Mkimpeleka kwa wazee Jumapili, mara yake ya kwanza kuulizwa itakuwa mbele ya kikao kizima.

Mathayo 18:15 inataka uanze wewe na yeye peke yenu. Basi nenda kwake Jumamosi mchana, usiende Ijumaa usiku kumvizia mlangoni. Mwambie ulichoona bila kuongeza chumvi, kisha unyamaze aseme. Akikuambia ni kazi ya kulisha watoto, mwombe msamaha. Akikiri ameanguka, Wagalatia 6:1 inasema arejezwe kwa roho ya upole, nawe ukijiangalia. Hata hapo wazee hawawi hatua ya kwanza.

Kabla ya hayo yote, leo jioni, warudie wale dada wawili. Waambie: "Niliona mlango, na niliona leso. Mengine niliyaongeza mimi."