Gari za Zamani: Maswali na Majibu

Shikamoo fundi. Nimepata Camaro ya 1969, ya injini ya V8 (silinda nane), sasa chini ya dashibodi kuna kitufe sijawahi kukiona kwenye Camaro nyingine, kina mipira ya vakyumu inakwenda mpaka nyuma kwenye buti, na huko kuna vishikio viwili vitupu upande wa matairi. Fundi bodi anasema wenye gari wa zamani walivifunga wenyewe tu, anataka aving'oe azibe matundu ndo apige rangi. Nimruhusu?

Marahaba. Kabla hujamaliza kusoma mpigie simu, mwambie asiguse kitu!

Kwa ulivyoeleza inaelekea una mfumo wenye kodi V75, Chevrolet, watengenezaji wa Camaro, waliuita mnyororo wa maji. Ni opsheni, yaani nyongeza ya kulipia, ya mwaka 1969 tu. Unakwama kwenye barafu, unabonyeza kitufe, vakyumu inafungua makopo ya dawa yanayokaa kwenye vishikio vile vya nyuma, na dawa inapulizwa kwenye matairi ya nyuma yapate kushika. Wanunuzi hawakuichangamkia, na walioichukua makopo yalipoisha wengi waling'oa mfumo mzima wakatupa, ndo maana leo hata mafundi wazoefu hawaijui. Kila mtu anaisaka Camaro ZL1 yenye injini ya aluminiamu kwa sababu zilitengenezwa gari 69 tu, sawa, ila hizo zinajulikana na zinalindwa. Vitu kama chako vinakufa gereji, kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kwa mkono wa fundi mwenye nia nzuri kabisa, na hilo linaniuma sana.

Kuthibitisha ndo kazi. Namba ya chasisi haitakusaidia hapo: 12437 inakwambia ni Camaro ya V8 ya kupe (bodi ya milango miwili yenye paa gumu), 9 ni mwaka, N ni kiwanda cha Norwood, L ni Los Angeles, basi, opsheni hazimo. Tafuta karatasi ya kiwandani, ile waliyokuwa wakiisoma wakati wa kuunga gari. Ikiwepo huwa imejificha juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za siti, imekunjamana, pengine imeliwa na panya, kwa hiyo shusha tangi taratibu na usipulize maji kabla ya kuangalia. Humo utafute V75. Usipoipata usikate tamaa, piga picha kila mpira ulivyopita, kila kibano na kila skrubu, vikiwa na uchafu wake huo huo. Ukishasafisha ushahidi umekwenda.

Fundi, nauziwa Chevelle ya 1970, muuzaji anasema injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani na namba zake zinalingana na za gari. Nitajuaje hazikugongwa upya?

Usiangalie namba peke yake, angalia chuma chenyewe. Mbele ya bloku la injini upande wa kulia kuna kibao kidogo kimegongwa namba, kifute vizuri na mafuta kidogo halafu mulika tochi kwa ubavu. Kiwandani mashine iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka, namba zikagongwa juu yake. Ukikuta pamelainishwa kama kioo, au mikwaruzo ya msasa inazunguka zunguka, bloku limechongwa, na kuchongwa kwenyewe si uhalifu maana injini ikifanyiwa ovaholi hutokea, ila namba mbichi juu ya chuma kilichochongwa hapo usilipie bei ya injini ya kiwandani. Na kama anauza kama SS 454, yaani toleo la Super Sport lenye injini ya inchi za ujazo 454, dai karatasi, maana mwaka huo namba ya chasisi haisemi SS.