Unataka Kufundisha na Kutafiti Tiba ya Kurejesha Meno? Anza na Chupa Mbili

"Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa nne, napenda kuziba meno kuliko kung'oa. Nataka kubaki chuoni, nifundishe na kufanya utafiti. Nianzie wapi?"

Marahaba. Ujumbe wa namna hii si wa kwanza kuufungua, na jibu la mistari miwili halitakusaidia.

Ngazi zenyewe niziseme haraka, maana hazina utamu. Kwa Tanzania ni miaka 5 ya digrii ya udaktari wa meno, mwaka wa mafunzo kwa vitendo, kisha uzamili wa tiba ya kurejesha meno, yaani kuziba na kutengeneza meno yaliyoharibika, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Dar es Salaam, ina idara yake. Ukishaajiriwa unapanda: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kupanda kunadai machapisho, na hapo ndipo watu wazuri wa mikono wanakwama miaka nenda rudi. Wanasema watafanya utafiti wakipata nafasi. Kliniki ya wanafunzi haiachi nafasi. Inameza asubuhi, inameza mchana, na jioni una daftari za kusahihisha.

Kwa hiyo usiwe na kazi mbili. Swali lako la utafiti litoke kwenye kiti kilekile unachosimamia.

Chukua tundu la daraja la pili, lile la gego linalotoboka hadi ubavuni. Ncha ya kuchimbia inakwaruza jino jirani kwa sababu hakuna kibati kilichowekwa kulikinga. Kabari ya katikati ya meno haikukaza, kijazio kinapenya chini ya ukanda wa matriksi, ule mwembamba unaozungushiwa jino wakati wa kuziba, na kuacha ukingo unaoning'inia juu ya fizi. Au kabari imekaza vizuri ila ukanda haukusukumwa ukagusa jirani, basi meno yanaachana, na mgonjwa anarudi kulalamika kwamba nyama inanasa. Kila kosa liandikwe: jino gani, kijazio gani, mwanafunzi wa mwaka gani, kosa lenyewe, na hatua lilipogunduliwa. Mwaka mmoja wa kuandika hivyo unakupa makala, na unakuonyesha somo gani urudie kufundisha.

Ila kibali cha maadili kiombwe kabla ya mstari wa kwanza. Usitegemee kukipata baadaye. Na ridhaa ya wanafunzi iombwe na mtu asiyewapa alama. Mwanafunzi hawezi kumkatalia anayeshika matokeo yake, hata ukitabasamu vipi.

Tena kabla ya kuhesabu makosa ya wengine, jipime wewe. Wasimamizi wawili wapewe meno 20 yaleyale, kila mmoja apime peke yake, warudie baada ya wiki mbili. Piga hesabu ya kapa, kipimo cha jinsi wapimaji wanavyokubaliana zaidi ya bahati tu. Ikiwa chini ya 0.6, msianze, kaeni mkubaliane ukingo mbaya ni upi. Lengo liwe 0.8. Idara nyingi zinaruka hatua hii, halafu zinashangaa mwanafunzi mmoja kupata A kwa huyu na C kwa yule.

Sasa maabara, na zile chupa. Meno yaliyong'olewa ni mali, na watu wanayaharibu siku ya kwanza. Tenga chupa mbili. Ya kwanza ni ya kufundishia: meno yasiyo na amalgamu, kijazio kile chenye zebaki, yachemshwe kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 40. Yenye amalgamu usiyaingize humo kamwe, zebaki itatoka kama mvuke. Hayo yalowekwe kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Chupa ya pili ni ya utafiti wa gundi inayoshikiza kijazio kwenye jino, na humo fomalini ni marufuku kwa sababu inabadilisha kolajeni, nyuzi za protini zilizo ndani ya dentini, tabaka la jino lililo chini ya gamba gumu la nje. Tumia kloramini-T, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 0.5, isizidi wiki moja, kisha maji yaliyotoneshwa (distilled) ndani ya friji, nyuzi 4. Yatumie ndani ya mwezi mmoja ikiwezekana, yasipite miezi 6. Yasikauke hata saa moja, yatapasuka.

Kwa kupima nguvu ya gundi, kata taji hadi dentini, sugua kwa msasa namba 600 wenye maji, paka asidi ya fosfori ya asilimia 37 kwa sekunde 15, suuza. Usikaushe kupita kiasi: nyuzi za kolajeni zinalala na gundi haipenyi. Paka gundi, kisha jenga kompoziti, kijazio cha rangi ya jino, kwa tabaka za milimita 2. Weka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa 24, kisha kata vijiti vya milimita 1 kwa 1, dentini upande mmoja na kompoziti upande wa pili, kwa msumeno wa almasi unaozunguka polepole, ndipo uvute kwa mwendo wa milimita 1 kwa dakika. Vijiti vilivyokatika kabla ya kuvutwa navyo viripotiwe. Kuvificha ni udanganyifu, hata kama umewaona wengi wakivificha.

Na meno 10 yenye vijiti 8 kila moja si sampuli 80. Ni meno 10. Rasimu nyingi zinazorudi na wino mwekundu zimeteleza hapo.

Usidhani maswali makubwa yako ng'ambo. Njia ya kutibu meno kwa zana za mkono, bila umeme wala mashine, ambayo leo hutumia glasi ionoma, kijazio kinachojigandisha chenyewe, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu tatizo lilikuwa hapa. Leo amalgamu inaondolewa polepole chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013 unaohusu zebaki, na mwaka 2021 WHO iliingiza glasi ionoma kwenye orodha ya dawa muhimu. Kijazio hicho kinadumu miaka mingapi mdomoni mwa mgonjwa wa kliniki yako? Hilo ni swali la miaka kumi ya kazi.

Shida ni kwamba wagonjwa hawarudi. Chukua namba mbili za simu, moja ya ndugu, na weka nauli kwenye bajeti. Ukihitaji wagonjwa 80 mwishoni na unatarajia kupoteza robo, anza na 107. Likiwa jaribio la tiba, lisajili PACTR, daftari la majaribio ya tiba la Afrika, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Halafu majina. Kubalianeni kwa maandishi, kabla ya kuanza, nani atakuwa mwandishi wa kwanza na nani hatakuwemo. Cheo si mchango. Atakayekwambia "mtoto mzuri humweka mkubwa mbele" muulize kwa adabu alikata vijiti vingapi. Na jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo, lifute kwenye barua pepe.

Wewe wa mwaka wa nne, wiki hii omba kuazima kipimo cha mwanga, pita kwenye taa zote za kugandishia kompoziti katika kliniki yenu, andika namba ya kila kiti. Taa inayosoma chini ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba, mpelekee msimamizi pamoja na orodha.